Projekta ya darini au ya kabatini: vyumba viwili vya Tabora, majibu mawili

Shemeji yangu anajenga Ipuli. Nyumba imeshaezekwa, plasta ya ndani bado. Juzi kati hapa alinipigia simu saa nne usiku: "Shemeji, ile projekta yako aina gani? Nataka niagize kama hiyo hiyo." Nikamwambia asubiri kwanza. Yangu haina ubaya. Tatizo ni kwamba chumba changu cha Cheyo na sebule yake ya Ipuli ni mbingu na ardhi, na mashine inayonipendeza mimi, kule kwake itakuwa sawa na kuwasha tochi mchana.

Basi Jumapili mbili tumezimalizia kwake na futi ya chuma, daftari na chai ya tangawizi. Yafuatayo ndiyo tuliyolinganisha. Bei siandiki, maana zinapanda na kushuka kila mzigo mpya ukiingia Kariakoo, lakini nitasema kipi ni ghali kuliko kipi.

Tuanze na vyumba. Changu ni chumba cha nyuma, mita 3.6 kwa 4.2, dirisha moja dogo linalotazama mashariki, pazia zito. Ukizima taa huoni kiganja chako. Chake ni sebule ya mita 5 kwa 6.5 iliyoungana na sehemu ya kulia, yenye madirisha mawili makubwa ya alumini yanayotazama magharibi. Huku kwetu jua huchelewa kuzama kuliko Dar kwa kama dakika 25. Mechi ya ligi ikianza saa 10 jioni, mpaka filimbi ya mwisho jua bado linaingia sebuleni kwa shemeji, tena limeshuka na kulenga ukuta ule ule anaotaka kuweka skrini.

Giza ni rahisi kuliko lumeni

Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Namba za kuaminika ni zile zilizoandikwa ANSI au ISO, yaani zimepimwa pale mwanga unapotua, kwa utaratibu unaojulikana. Kumbi za sinema hulenga mwanga wa niti 48 hadi 55 kwenye skrini (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini unaofika machoni). Nikachukua hiyo 55, nikapiga hesabu kwa skrini nyeupe ya kawaida ndani ya chumba chenye giza totoro, nikachora hivi kwenye daftari la shemeji:

| Skrini | Upana kwa kimo | Kaa umbali wa | Lumeni zinazotosha gizani |
|---|---|---|---|
| Inchi 80 | sm 177 kwa 100 | m 2.4 hadi 3.3 | 310 |
| Inchi 100 | sm 221 kwa 125 | m 3.0 hadi 4.1 | 480 |
| Inchi 120 | sm 266 kwa 149 | m 3.7 hadi 5.0 | 690 |

Shemeji alicheka. Lumeni 480? Mbona dukani wanazungumzia 3,000, na mtandaoni 9,000? Nikamwambia hizo 480 ni zile zinazofika ukutani kweli, projekta ikiwa kwenye rangi nzuri ya sinema, wala si ile hali ya kung'aa kupita kiasi inayofanya nyuso za watu ziwe kijani. Taa nayo huchoka kadiri inavyotumika. Kwa hiyo chumba kama changu unanunua lumeni 1,000 hadi 1,500 za ANSI na unalala usingizi. Sebule yenye taa moja inayowaka inataka 2,500 au 3,000. Sebule yenye jua la saa 11 jioni haina lumeni inayoitosha.

Sababu yake ni hii. Projekta haina rangi nyeusi. Nyeusi yake ni ile sehemu ya skrini ambayo haikumulikwa. Simama mbele ya skrini nyeupe jioni, projekta ikiwa imezimwa, uitazame: rangi hiyo unayoiona ndiyo itakuwa usiku wa filamu yako, ndiyo itakuwa suti nyeusi ya refa. Ukiongeza lumeni unaongeza weupe tu. Weusi unapatikana kwa pazia na kwa rangi ya ukuta. Mimi nilipaka kuta na dari rangi ya maji ya kijivu kilichoiva, isiyong'aa, kwa sababu dari nyeupe inapokea mwanga wa picha na kuurudisha kwenye skrini. Kopo mbili za rangi zilibadilisha picha yangu kuliko projekta mpya ambavyo ingebadilisha.

Mashine tatu

Ya kwanza nimeinunua kwa makosa, kwa hiyo naijua vizuri. Ni ile ndogo ya LED inayoshikika kwa mkono mmoja, boksi limeandikwa lumeni 9,000 na "inakubali 4K", yaani picha ya pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160. Kukubali maana yake ukiipelekea picha ya 4K haitagoma. Kioo chake cha ndani kilikuwa na pikseli 1280 kwa 720 tu, na zile lumeni hazikuwa za ANSI. Usiku, kwenye inchi 60, ilikuwa inatazamika. Kiangazi cha kwanza kilipokolea, madoa ya kijivu yakaanza kuelea katikati ya picha. Nikachukua bisibisi. Ndani nilikuta feni inavuta hewa na kuipitisha moja kwa moja juu ya kioo cha LCD, hakuna chujio, hata kipande cha sponji hakuna, na vumbi la Cheyo limetandazika pale kama unga kwenye ungo. Nilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Wiki mbili baadaye madoa yakarudi. Siku hizi wanangu wanaangalizia katuni. Sifa yake moja siinyimi: inakula kama wati 70, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea kwenye inveta na betri ya sola bila kelele.

Ya pili ndiyo niliyo nayo sasa: projekta ya kawaida ya kufunga darini, DLP (picha yake hutengenezwa na vioo vidogo vidogo), 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), inatumia balbu. Kwa mji wenye vumbi, DLP ina nafuu kwa sababu kwenye nyingi kati yake sehemu ya picha imefungwa isiingie hewa. Zile za vioo vitatu vya LCD zina rangi nzuri, tena hazina ule upinde wa mvua ambao baadhi ya watu huuona kwenye DLP wakigeuza macho haraka. Chujio lao la hewa lakini lisafishwe, na Julai hadi Oktoba mimi ningelisafisha kila mwezi. Mke wangu anauona upinde wa mvua. Mimi siuoni. Kabla hujalipa, mkalishe kila mtu wa nyumbani mbele ya mashine dakika kumi.

Kwenye projekta ya darini ipo namba moja ambayo muuzaji haitaji mpaka umuulize: uwiano wa umbali kwa upana. Ukikuta 1.2, zidisha na upana wa picha. Inchi 100 ina upana wa mita 2.21, kwa hiyo lenzi ikae mita 2.65 kutoka kwenye skrini. Ukikuta 1.5, ni mita 3.3. Ongeza kiwiliwili cha projekta, ongeza nafasi ya hewa nyuma na kona ya waya, hapo unadai chumba cha mita karibu 4. Chumba changu kina 4.2 na projekta yangu ni ya 1.2, nikapata na nafasi ya kuchezea. Angekuwa mtu mwenye chumba cha mita 3.5 na mashine ya 1.5, angeishia inchi 90 hivi au atoboe ukuta. Na usijifariji na kitufe cha kistoni kwenye rimoti. Kile kinanyoosha picha kwa kukata pikseli. Bora projekta ikae sawa na skrini tangu mwanzo.

Ya tatu ndiyo iliyomtoa shemeji mate: projekta ya leza ya kukaa kwenye kabati, sentimita chache tu kutoka ukutani, inatupa inchi 100 kwenda juu. Hakuna kivuli cha mtu akipita kuchukua soda. Hakuna waya darini. Leza yake huandikiwa saa 20,000, ambazo kwa saa nne kila siku ni miaka zaidi ya 13. Balbu yangu imeandikiwa saa 4,000, chini ya miaka mitatu kwa mwendo huo huo, na balbu ya akiba hapa mjini sijaipata, niliagiza. Kwa hilo leza inashinda bila ubishi. Lakini ni ghali mara kadhaa kuliko yangu, na ina mambo yake mawili ambayo picha za matangazo hazionyeshi.

Moja ni ukuta. Mwanga wake unapanda kwa pembe kali sana, kwa hiyo kila bonde la plasta na kila mkunjo wa kitambaa unageuka wimbi kwenye picha. Ile skrini ya kuvuta kama pazia haifai hata kidogo. Inataka skrini ya fremu, iliyonyooka kama kioo. Jingine ni kioo chake cha juu. Lenzi ya projekta ya darini hutazama mbele. Kioo cha hii kinatazama angani, kwa hiyo vumbi linatua juu yake siku nzima. Na Novemba, mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi wakitoka! Chumba chenye mwanga mmoja tu, na mwanga huo unatoka kabatini kwenda juu: watajaa pale. Kwangu wakiingia wanapita mbele ya lenzi, unaona kivuli cha mbawa kikubwa kama kunguru, watoto wanapiga kelele, basi. Kwa shemeji watadondoka juu ya kioo. Wavu madirishani kwanza, na kitambaa laini kikavu pembeni.

Joto la bati

Hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia. Projekta nyingi zimeandikiwa kufanya kazi mwisho nyuzi 35, chache 40. Nyumba zetu ni bati, chini yake jipsamu, na kati yao hewa haitoki. Oktoba, saa 9 alasiri, sakafuni unaweza kukaa na feni ukavumilia, lakini hewa iliyo sentimita kumi chini ya dari ni habari nyingine. Fundi aliifunga yangu imebana na jipsamu ili ipendeze. Mwezi wa kumi ukaingia, taa nyekundu ya joto ikawaka na mashine ikajizima katikati ya filamu. Nikaning'iniza kipimajoto cha ukutani pembeni yake: nyuzi 38, na projekta imezimwa. Tukaishusha kwa bomba la chuma la sentimita 40, tukafungua matundu ya hewa kwenye kuta za pembeni chini ya paa. Tangu hapo haijajizima tena.

Ya kabatini haina tatizo hili, inakaa kwenye hewa ya chini. Na ukikuta kwenye menyu kitu kinachohusu miinuko mirefu, kiache. Kwa kawaida ni cha kuanzia mita 1,500 juu ya bahari, Tabora tuko kwenye 1,200 hivi, na ukikiwasha feni itanguruma bure.

Umeme nao. Yangu inakula wati 300, yaani filamu na mechi, saa nne, ni uniti 1.2. Si hela ya kulia. Kinachouma ni kukatika ghafla: balbu iko moto sana, feni inasimama, hakuna hewa ya kuipoza, na kila ikitokea hivyo umri wake unapungua. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache za kuizima kistaarabu na feni imalize kazi. Leza na LED hazisumbuliwi sana na hilo, ila stebilaiza weka kwa zote.

Skrini: hapa nampendelea seremala

Watu wanamaliza hela yote kwenye projekta halafu wanatundika shuka. Shuka linapitisha mwanga, na ukuta wa nyuma unakula picha.

Njia ya bei ya chini kabisa ni ukuta: piga skimu mpaka ulainike, paka rangi nyeupe isiyong'aa. Usikubali rangi ya silki, utaona doa la mng'ao katikati kama taa ya baiskeli. Kwa projekta ya darini, chumbani gizani, ukuta mzuri unakaribia sana skrini ya dukani. Skrini ya kuvuta inafaa kama chumba kina kazi nyingine mchana, ingawa baada ya mwaka mmoja au miwili kingo zake huanza kujikunja kwa ndani.

Mimi nilikwenda kwa seremala. Tabora tuna bahati ya mninga, mbao ambayo haipindi ovyo na mchwa hawaikimbilii. Fremu ya sentimita 221 kwa 125, nguzo moja ya katikati, kona zimefungwa vyuma. Juu yake kitambaa kizito cheupe cha kuzuia mwanga, kile kinachoshonwa nyuma ya mapazia. Siri iko kwenye kuvuta: unapiga pini katikati ya upande wa juu, halafu katikati ya upande wa chini, kushoto, kulia, ndipo unasogea kuelekea kwenye kona kidogo kidogo, huku na huku. Ukianzia kona moja ukaenda moja kwa moja utapata mkunjo wa mshazari ambao hautoki hata kwa pasi. Pembeni nimezungushia mahameli nyeusi, upana wa sentimita 7. Mahameli hiyo inameza mwanga unaomwagika nje ya picha, na jicho linadanganyika kwamba picha imekolea.

Shemeji akichukua ile ya leza, fremu ya seremala haimfai sebuleni. Atahitaji skrini maalumu ambayo uso wake una vijimfereji vidogo vinavyopokea mwanga wa kutoka chini na kukataa ule wa kutoka darini. Hiyo ndiyo inafanya picha isipauke taa ikiwa imewashwa. Inakataa mwanga wa juu, lakini. Jua la magharibi linaloingia ubavuni halijakatazwa sana. Na skrini yenyewe ina bei inayokaribia mashine nyingine nzima, haifutwi kwa kitambaa kibichi, na inasafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar kwenye buti la basi, imelazwa chini ya magunia ya nani sijui.

Na 4K je? Skrini ya inchi 100 ikiwa 1080p, kila pikseli ina upana wa milimita 1.15. Ukikaa mita 4, huo ndio mwisho wa uwezo wa jicho zima kutenganisha vitu viwili. Mimi nakaa mita 3.4, naona tofauti ndogo kwenye filamu nzuri sana, na kwenye mpira wa king'amuzi siioni kabisa.

Nilichomshauri

Kwa chumba kama changu jibu ni la darini, 1080p, fremu ya mninga, rangi ya kijivu. Hapo sina wasiwasi.

Kwa sebule ya Ipuli nilimwambia wazi: nunua TV ya inchi 65 au 75. Taarifa ya habari ya saa mbili, mechi ya saa kumi, wageni wamewasha taa, watoto wamefungua mlango. Hayo ni maisha ya TV. Najua inchi 100 ina eneo mara mbili na theluthi ya inchi 65, na najua raha yake. Lakini ana chumba cha tatu huko nyuma, mita 3.5 kwa 4.5, hakina hata plasta. Projekta ya darini ya 1.2, seremala, kopo mbili za rangi na pazia, halafu TV ya kawaida sebuleni: vyote kwa pamoja havifiki bei ya leza na skrini yake.

Shemeji alikubali haraka. Dada yangu hakukubali. Kile chumba, anasema, ni cha mama akija kutoka Urambo, na mama hawezi kulala kwenye kuta za kijivu. Kwa hiyo hadi leo leza haijafutwa kwenye daftari, na mimi nimeacha kubishana nao. Nilichoomba ni kimoja tu, kabla fundi wa plasta hajaingia wiki ijayo.

Pitisha paipu vyumba vyote viwili. Ya inchi 2, si ile nyembamba ya waya za taa, kwa sababu kichwa cha HDMI, waya wa picha, hakipiti humo. Kona ziwe za kupinda taratibu. Acha kamba ya kuvutia ndani. Sebuleni itoke nyuma ya kabati. Chumba cha nyuma itoke darini, mita 2.65 kutoka ukuta wa skrini, na soketi ya umeme pembeni yake. Waya mwingine uwe wa spika, maana spika ya ndani ya projekta ni ya kusikilizia tu kama imewaka, na Bluetooth huchelewesha sauti, mdomo unafunga ndipo neno linafika. Waya ukizidi mita nane au kumi anunue ule wa faiba, na aangalie maandishi kwenye vichwa vyake kabla ya kuuvuta: upande mmoja ni wa king'amuzi, mwingine wa projekta, ukiugeuza hauleti picha.

Mimi sikuweka paipu. Waya wangu umepita nje ya ukuta wa kijivu, mweupe, umebanwa kwa misumari ya klipu, na kila mgeni akiingia ndio kitu cha kwanza anachokiona.